Karatasi Ndani ya Buti la Jabez

Katika kikosi kile cha wapanda farasi wa Kiingereza, kilichokuwa kikikimbizana na Wafaransa kwenye milima ya Ureno, Jabez Crouch aliogopa kitu kimoja kuliko Wafaransa wenyewe: kitabu. Kusoma hakujua, lakini woga hauulizi shule.

Kilikuwa kitabu cha kanuni za kikosi, alichokiandika kwa mkono Kapteni Ravenhill, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa majina ya wenye kitabu. Ravenhill akavunjwa shingo na farasi. Vitu vyake vikapigwa mnada kwa maofisa wenzake, kama ilivyo ada ofisa akifa. Luteni Ormsby akakinunua, akaandika jina lake, homa ikamchukua. Peverell naye akanunua, akaandika, risasi. Jabez aliwatumikia wote watatu, na aliyewavua buti mara ya mwisho ni yeye.

Sasa alikuwa wa Luteni Kitson, mgeni kikosini, mwenye masharubu ya kukisia tu. Kitson alimgawia nyama yake na kumuuliza habari za mama yake. Naye kakinunua kitabu.

"Jumapili nitaandika jina," alisema. "Mbona unanikodolea macho, Jabez? Sifungi ndoa."

Alipompa mgongo, Jabez aliukata ule ukurasa kwa wembe wa kunyolea, akauficha ndani ya buti lake. Kuuchoma hakuthubutu. Majina ya wafu, uyatie moto?

Jumamosi asubuhi Kitson alitumwa peke yake kupeleka ujumbe ng'ambo ya mto. Ukungu ukashuka, mzito kama uji. Jabez alikuwa akipiga farasi brashi kando ya Sajenti Maddox, akauliza kama mtu asiye na haja:

"Afande, ule ukurasa wa kwanza wa kanuni una nini?"

"Majina."

"Na nyuma yake?"

"Namna ya kurudi kambini kwenye ukungu. Farasi polepole, kofia juu ya ncha ya upanga. Ukija mbio, mlinzi anapiga, haulizi. Vipi, unautaka ukapteni?"

Brashi ilianguka. Jabez alikuwa ameshaondoka.

Darajani, mlinzi Hobbs alikuwa ameshaelekeza bunduki kwenye ukungu. Kwato zilisikika, na zilikuwa mbio.

"Usipige, Hobbs. Ni bwana wangu."

"Bwana wako angekuja polepole. Toka, Crouch, nitakutoboa wewe."

Jabez hakutoka. Alikiweka kifua mbele ya mtutu, suruali imelowa. Kwato zikakaribia, zikakaribia, na Kitson akatokeza, kofia kichwani, anatabasamu.

"Mnagombania nini?"

Jabez akakaa chini, akavua buti, akampa karatasi. Kitson alisoma mbele. Akageuza, akasoma nyuma, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Umekata wewe?"

"Mimi, bwana. Niliogopa usije ukaandika jina lako."

Kwa kosa hilo watu walichapwa mijeledi mpaka mgongo ukachanika. Kitson alishuka kwenye farasi. Kisha akamwomba Hobbs kalamu ya risasi, akaegemeza karatasi kwenye tandiko, akaandika jina lake chini ya la Peverell.

"Basi," alisema. "Kairudishe mahali pake."

Jabez alivaa buti lake. Macho yalikuwa kwenye buti za Kitson, zilizong'arishwa kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ile, na hakuweza kuyaondoa hapo.