Mji wa Vivuli Sawa

Kabla ya kengele, kabla hata ya jogoo wa mpishi, kulikuwa na sauti ya miguu. Shule yetu ya bweni ilikuwa nje kidogo ya Gilgil, na alfajiri, upepo ulipovuma kutoka upande wa kambi ya wanajeshi, ulituletea kishindo cha watu wakikimbia pamoja na kuimba, kishindo kimoja kizito kilichopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mimi nililala kitanda cha juu, karibu na dirisha, blanketi langu likinuka sabuni ya kipande na moshi wa kuni, nikisikiliza mpaka sauti ile ipotelee barabarani. Nilikuwa darasa la saba, muhula wa pili, majira ya mvua ndefu zinazogeuza vumbi jeupe la huko kuwa uji. Mwalimu Mkuu mpya alikuwa ndiyo kwanza amefika, na yeye aliipenda sauti ile kuliko sisi sote. "Mmewasikia wale?" alituuliza katika gwaride lake la kwanza. "Watu ni wengi lakini mguu ni mmoja. Samaki mkunje angali mbichi. Nitawakunja."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kufumwa ya rangi ya maziwa, na usiku mtu akikohoa bwenini alikuja mwenyewe na birika la tangawizi. Alikuwa ameikuta shule iliyokuwa ikishika mkia katika tarafa nzima, na wazazi walikuwa wameanza kuwahamisha watoto. Kwa hiyo alitunyoosha. Tulinyolewa vichwa, wavulana kwa wasichana. Tulikwenda kila mahali kwa mstari, mkono wa kulia ukigusa ukuta. Mwalimu alipouliza swali hatukunyoosha mikono tena. Tulijibu sote kwa pamoja, na aliyejibu peke yake, hata akiwa amepata, aliambiwa akae awasubiri wenzake. Viatu vilipangwa chini ya vitanda vikitazama mlango. Nakumbuka jinsi nilivyoanza kuona raha katika jambo hilo. Kuna utulivu fulani katika kutotakiwa kuamua chochote, na mtoto aliye mbali na nyumbani huupokea utulivu huo kama chakula.

Hata insha zetu zilikuwa moja. Mwalimu Mkuu mwenyewe alitufundisha Kiswahili, na alikuwa ameandika insha tatu: ya safari, ya ajali na ya sherehe. Tulizikariri zote. Swali lolote litakaloulizwa katika mtihani, alisema, ni mtoto wa moja kati ya hizo. Ndiyo maana darasa letu zima lilirauka siku moja, jua lilitucheka sote kutoka mashariki, ndege wote walitutumbuizia kwa nyimbo zilezile, na sote tulipanda basi lilelile ambalo dereva wake alikuwa akiendesha kama mwendawazimu. Mtu akisahau, jirani yake alimnong'oneza. Alama zilipanda. Siku ya wazazi, baba yangu, aliyetoka Lanet na koti lake la kanisani, aliwasikiliza watoto wakighani insha ya ajali kwa sauti moja, akafuta macho. "Sasa hapa kuna shule," alimwambia mama.

Jerono alikuwa analala kitanda cha chini yangu. Alitoka Sachangwan, ambako baba yake aliuza viazi na minji kando ya barabara kuu, na alikuwa msichana wa kawaida kabisa, mwenye meno yaliyoachana na tabia ya kukwaruza goti akifikiri. Alikariri insha kama sisi. Lakini Jumamosi alasiri, tulipokuwa tukifua nguo kwenye matangi nyuma ya jikoni, alitusimulia hadithi. Hakuna aliyemwomba mara ya kwanza. Alianza tu, mikono ikiwa ndani ya povu, na makarai yote yakanyamaza.

Kulikuwa na mji, alisema, ambamo watu wote walitakiwa kuwa na kivuli cha urefu mmoja. Kila siku adhuhuri walisimama uwanjani, na mtu aliyeitwa Mpima akapita na kamba akipima. Mrefu aliambiwa akunje magoti. Mfupi alipewa jiwe la kubeba kichwani. Baada ya muda warefu walizoea, wakawa wanatembea wamekunja magoti hata ndani ya nyumba zao, na wafupi wakawa hawapati usingizi mpaka wawekewe jiwe. Asubuhi na jioni mtu hakuruhusiwa kutoka nje, kwa sababu saa hizo vivuli hurefuka. Kwa hiyo katika mji ule hakuna aliyekuwa amewahi kuona jua likizama. Kisha akazaliwa mtoto msichana mwenye kiherehere. Jioni moja akapenya dirishani, akasimama juu ya kilima, akaona kivuli chake kimetoka miguuni pake, kikashuka bondeni, kikavuka mto. Hapo Jerono alikamua soksi zake, akasema, "Nitaendelea wiki ijayo."

Aliendelea wiki hiyo ijayo, na nyingine. Siku hizi nasoma kwamba hadithi za namna hiyo zina jina lake, kwamba kuna waandishi waliojenga miji mizima ya kutisha ili kutuonyesha tunakoelekea. Jerono hakuwa amesoma hata kimoja cha vitabu hivyo. Shule haikuwa na kabati la vitabu vya hadithi. Nasi hatukusema, wala sidhani tulifikiri, kwamba mji ule ulikuwa wetu. Tulipenda tu yule mtoto na kile kivuli chake. Jumapili jioni niliwaona wasichana wakijichelewesha uani, wakitazama chini nyuma yao.

Watoto wadogo waliigeuza hadithi kuwa mchezo. Mchana mmoja Mwalimu Mkuu alipita uwanjani akawakuta wa darasa la pili wamejipanga, mmoja anawapima kwa kamba ya kuruka, wengine wamekunja magoti, na mmoja ana jiwe kichwani.

"Mnacheza nini?" aliwauliza, akitabasamu.

"Mji wa Vivuli Sawa, mwalimu!" wakajibu kwa pamoja, kama walivyofundishwa.

"Na huyu mwenye kamba ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu!"

Hakumpiga mtu. Aliuliza tu hadithi imetoka wapi, na kufikia saa za uji Jerono alikuwa amesimama ofisini. Mimi nilitumwa kumpelekea sweta, kwa hiyo nilisikia.

"Hii hadithi umeitoa wapi?"

"Kwa kichwa, mwalimu."

"Kichwa cha nani? Nani amekwambia useme mimi ni Mpima?"

"Sikusema ni wewe, mwalimu. Ni wao walisema."

Alimwambia aende nyumbani akamlete mzazi. Mtu asiyejua shule zetu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Majina ya watahiniwa wa mwaka unaofuata huandikishwa mapema, na mtoto anayefukuzwa wakati huo anazunguka shule baada ya shule akiambiwa amechelewa. Wapo waliokaa nyumbani mwaka mzima, na wapo ambao hawakurudi tena. Jerono alifunga sanduku lake bila kulia. Nilitaka kumwambia neno, lakini hakuna aliyekuwa ametufundisha la kusema mahali kama pale.

Alirudi na baba yake siku ya pili, mzee mfupi mwenye buti za mpira zenye udongo mwekundu wa Sachangwan. Nilidhani angemtetea. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia magotini, akamsikiliza Mwalimu Mkuu mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye. "Omba msamaha, mama. Mimi sikukuleta hapa kwa hadithi. Nilikuleta usome usije ukasimama barabarani na ndoo ya viazi kama mimi." Jerono akaomba msamaha. Mwalimu Mkuu alikubali, ila alitaka jambo moja zaidi. Hadithi ilikuwa imeenea, akasema, na maji yakimwagika hayazoleki, bali yanaweza kupanguswa. Ijumaa, mbele ya shule nzima, Jerono angesimulia mwisho wake, nao uwe mwisho mzuri: mtoto yule arudi nyumbani, atii, na watu wa mji waishi kwa furaha. "Ukifanya hivyo, yameisha," alimwambia. Nadhani alikuwa anamwonea huruma.

Ijumaa ile mvua ilikuwa imekatika na uwanja ulinuka nyasi zilizokanyagwa. Jerono alisimama juu ya ngazi ya mlingoti wa bendera, mikono nyuma. Baba yake alikuwa amebaki, amesimama karibu na lango. Jerono alisimulia kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza muhula ule nilisikia ukimya ambao haukuamrishwa.

"Yule mtoto alikaa kilimani akaogopa," alisema. "Akarudi. Akaingia ndani akafunga dirisha. Akaomba msamaha, akasamehewa. Watu wa mji wakafurahi sana. Wakacheka wote pamoja, wakanyamaza wote pamoja. Hakuna aliyetoka tena nje jioni. Jua nalo likaona hakuna mtu wa kulitazama likienda, basi likaacha kwenda. Likasimama hapo katikati, juu ya vichwa vyao. Kukawa ni mchana siku zote, na vivuli vyote vikawa sawa. Mwisho."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Mkuu. "Mpigieni makofi ya kilo." Tukapiga: matatu, matatu, matatu, mikono yote ikikutana mara moja. Mwangwi ulipoisha, mtoto mmoja mstari wa mbele, msichana wa darasa la pili, akaanza kulia. Si kilio cha utundu. Alilia kama aliyefiwa. Mwalimu Mkuu alimsogelea akainama.

"Unalia nini, mama?"

"Nataka jua lizame, mwalimu."

Nilikuwa karibu nao, nikauona uso wa Mwalimu Mkuu, na mpaka leo siwezi kuapa nilichokiona. Huenda alikuwa amechoka tu. Alisimama, akaweka sawa sweta yake, akasema, "Nendeni madarasani." Ndiyo mara pekee ambayo hakuongeza "kwa mstari". Tulikwenda kwa mstari, mkono wa kulia ukigusa ukuta.

Mambo yaliisha kama mambo mengi yanavyoisha, yaani hayakuwa na kishindo. Jerono alibaki shuleni na hakusimulia tena. Mwaka uliofuata tulifanya mtihani, tukapita vizuri, na wazazi walimbeba Mwalimu Mkuu juujuu. Yeye Jerono naye alipita. Nilikutana naye miaka michache iliyopita mjini Nakuru, katika duka la mbegu na dawa za mifugo ambalo sasa ni lake. Aliniita kwa jina langu la shule, akaniwekea kiti nyuma ya kaunta, akaniagizia chai. Nilimwambia kwamba kwa miaka yote hiyo nimemhesabu kuwa mtu jasiri kuliko wote niliowajua, kwa namna alivyomtii mwalimu na kumshinda papo hapo. Alicheka mpaka mteja akageuka. "Jasiri wapi? Niliogopa, Wanjiru. Nilitaka kubaki shule. Alisema nimpe mwisho mzuri, nikatafuta kwa kichwa mwisho ambao kila mtu anatii. Ulikuja hivyo wenyewe." Akakoroga chai yake. "Hata mimi uliniogopesha."

Mimi nimejenga Lanet, katika mtaa mpya wenye nyumba zinazofanana kuanzia paa hadi kitasa. Hakuna Mwalimu Mkuu hapa. Kuna kundi la simu. Jirani mmoja aliandika humo, mapema mwaka huu, kwamba inafaa kila nyumba iwe na nyasi mbele, nyasi tu, ili mtaa upendeze. Wote walijua anayezungumziwa ni Mama Njoki, mjane wa nyumba ya pembeni, ambaye amepanda maboga, nayo matawi yake yanatambaa hadi barabarani. "Sawa," aliandika wa kwanza. "Sawa." "Sawa kabisa." Zilishuka kama matone. Ukienda kwa wenye chongo, wazee walisema, nawe fumba lako jicho. Ila hapa sikumwona mwenye chongo, kila mmoja alikuwa amefumba akidhani jirani yake ndiye asiyeona. Niliandika kwamba mimi sioni ubaya wa maboga. Kundi likanyamaza mchana kutwa. Jioni nilipigiwa simu, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila mmoja alisema kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwamba hata yeye anayapenda yale maboga, ila hakutaka kuonekana ndiye anayepinga. Nikawaomba waandike. Hakuna aliyeandika.

Nikilinganisha, utoto wetu ulikuwa na nafuu yake. Tulikuwa na mtu mmoja wa kumwogopa, tulimjua jina, na usiku alituletea tangawizi. Siku hizi tunajikunja wenyewe, bila kamba na bila kuamrishwa, kisha tunaiita hali hiyo amani. Mama Njoki hakubishana na mtu. Aling'oa matawi yote Jumamosi, akapanda nyasi, na kabla ya giza akapita mlango hadi mlango na toroli akigawa mavuno yake, boga moja kwa kila nyumba. Tulipika, tukala, yalikuwa matamu mno. Na katika kundi, mmoja baada ya mwingine, sote tukaandika neno lilelile: asante.