Blauzi ya Watai Weusi

Harufu ya nafthalini hunirudisha uani kwetu Ufipa, tulipokuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Sista aliyewahi kufanya kazi Laosi, kule Asia, alimwonyesha bibi blauzi nyeusi iliyonukia dawa hiyo ya nondo, vifungo vyake vya fedha vikiwa na umbo la kipepeo.

"Ya Watai Weusi hii. Wapo pia Watai Weupe, na wengine wengi. Huitwa hivyo kwa rangi ya mavazi ya wanawake wao."

"Wanaelewana?" bibi aliuliza.

"Lugha zao ni ndugu, bibi. Wakizungumza polepole, wanaelewana."

Bibi alivipapasa vipepeo. Kisha akaibeba blauzi hadi kwa jirani Mmambwe, ambaye tangu tuhamie alikuwa akipungiana naye mikono tu, kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Nilimfuata. Alizungumza Kifipa polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Jirani akamjibu kwa Kimambwe, polepole vilevile.