Kalinga Aikana Nyumba Yake

Mzee Kalinga wa Kihesa alisikia kwamba mthamini anapita, na nyumba ikionekana nzuri kodi itapanda. Akaziba madirisha kwa magunia, akafungia kuku sebuleni.

Wakaja wanaume wawili wenye makoti. Kalinga akawahi kulalamika, "Karibuni, wanangu. Inavuja hii, inaanguka!"

Wakatazamana. "Baba, sisi ni washenga. Tumeleta posa ya Faustina. Lakini kwa hali hii, mbuzi wawili watatosha."

"Wawili?" Kalinga akaanza kung'oa magunia. "Vyumba vitano! Tailizi mpaka jikoni! Juu bati la msauzi!"

"Vyumba vitano, eti?" akauliza mwanamke mwenye kalamu, aliyesimama mlangoni.

"Mjibu mthamini, baba Faustina," akasema mkewe Yusta, akifukuza kuku.