Usihariri Faili Hili

Mwaka ule mama yangu alikuwa anatusahau mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimekwama Mafinga kwa sababu ya kompyuta. Naandika hivyo hivyo, sitaki kupamba.

Mama alikuwa Uyole, Mbeya, kwa dada yangu. Alianza kusahau majirani, akaja kwa wajukuu, kisha siku moja akamuuliza shemeji yangu, mwenye nyumba, amekuja kutengeneza nini. Kila Jumapili dada alinipigia. "Mdogo wangu, wewe bado anakutaja. Anauliza utakuja lini. Ila usichelewe." Uhamisho nilikuwa nimeshaomba, na barua ilishatoka: niripoti Mbeya mara baada ya kukabidhi ofisi. Maneno hayo ya kukabidhi ndiyo yaliyonifunga.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika chuo cha ufundi wa mbao. Tulikuwa na seva moja, mashine iliyokaa kwenye kabati ofisini kwangu, na kila kitu kilipita kwake: matokeo ya wanafunzi, barua, uchapaji. Ndani ya mashine kama hiyo kuna huduma ambayo hakuna anayeiona. Haina dirisha wala kitufe. Mashine ikiwaka, yenyewe inaamka kimya kimya, inaipa mashine anwani yake, inaionyesha njia ya kutokea kwenye mtandao na mahali pa kuulizia tovuti zilipo. Ikifanya kazi vizuri unaweza kustaafu hujui kama ipo.

Ya kwangu ilikuwa inaipeleka mashine kuulizia mahali pasipo na mtu. Kwa hiyo nilifungua faili ambamo huduma huandika mahali hapo, nikafuta, nikaandika mahali sahihi, mtandao ukarudi. Dakika mbili tu. Lakini Mafinga wakati wa mvua mti ukiangukia nyaya huko msituni, umeme unakatika. Ukirudi, mashine inawaka upya, na huduma inaandika ya kwake juu ya yangu. Naandika tena, inafuta tena. Miaka miwili tulibishana hivyo, mimi na kitu kisicho na mdomo.

Na juu kabisa ya faili lile palikuwa na onyo kwa Kiingereza, kwamba usihariri faili hili, linaandikwa na huduma, utakachoongeza kitapotea. Niliuona mstari huo kila siku ya Mungu. Niliuruka kama watu wanavyoruka kibao cha kukataza kukanyaga majani.

Nisijifanye mjinga tu, kiburi nacho kilikuwepo. Nilipenda kuitwa. Mtandao ukifa, mkuu wa chuo alikuja mwenyewe kusimama mlangoni, "Madam, tuokoe," nami nagonga vitufe vyangu, watu wanapumua. Sikumwambia yeyote kwamba sikuwa natengeneza kitu, nabandika kiraka. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha vizuri mpaka siku ya makabidhiano.

Aliyepangwa kupokea alikuwa mwalimu wa useremala, Mhehe mtu mzima, mpole wa kutisha. Pale chuoni kukabidhi si kupeana mikono. Mnakaa na orodha, kitu kwa kitu, na anayepokea hasaini mpaka akione kinafanya kazi mbele ya macho yake. Alikuja asubuhi na koti lenye vumbi la mbao. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, akavuta kiti. Tulipofika kwenye mstari wa seva, umeme ukakatika. Uliporudi, mtandao haukurudi. Nikaandika ya kwangu mbele yake, ukarudi. Akaweka kalamu mezani.

"Dada yangu, hiki sikisaini. Ukiondoka leo, kesho kitanifia mikononi."

Mkuu wa chuo akakubaliana naye. Niondoke tu seva ikishakaa wiki nzima bila kuguswa. Nikijaribu, siku ya pili au ya tatu umeme unakatika, tunaanza kuhesabu upya. Nilijaribu hata kuizima ile huduma, mashine ikabaki haina anwani kabisa. Jumapili moja dada akaniambia, "Leo kakuita kwa jina la mama mdogo. Nikamrekebisha, akakubali." Nilikata simu nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Mwezi wa pili wa kusubiri ukaanza. Mwalimu alikuwa amekaa ananitazama nikiandika mistari yangu, akauliza, "Huyo anayekufutia, anafuata karatasi gani?"

Sikumwelewa.

"Fundi wangu nikimpa karatasi ya oda," akasema, "halafu wewe ukaenda kumchorea kipimo kingine kwa chaki kwenye ubao, atakifuta. Si mkorofi huyo. Anafuata karatasi. Kabadilishe karatasi."

Niliitafuta karatasi yenyewe, yaani faili ambamo huduma inachukulia maagizo yake. Niliikuta haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka. Aliyenitangulia kazini aliandika humo anwani ya mashine iliyoshatupwa zamani. Nikabadilisha mstari mmoja. Mwalimu akazima umeme kwa mkono wake, akawasha. Mtandao ukarudi wenyewe. Akarudia mara tatu, na mimi nimesimama pale natamani kujizaba kofi. Miaka miwili, kwa mstari mmoja.

Wiki ikapita seva haijaguswa. Akasaini, nikapanda basi siku hiyo hiyo.

Nilifika Uyole jua bado liko juu. Mama alikuwa uani na ungo wa maharage, amejifunga kanga mbili kwa baridi. Alinitazama vizuri, kwa adabu.

"Karibu mama. Umetoka wapi?"

"Mafinga," nikasema.

Uso wake ukachangamka. "Mafinga nina binti yangu. Yuko kwenye kompyuta. Wanamtegemea mno huko, hawawezi kumwachia." Alisema kwa fahari, kama mtu aliyeshawaeleza wengi hivyo hivyo. Dada alitaka kuingilia, nikamkonyeza aache. Nikakaa kwenye kigoda, nikachota maharage kidogo nami nichambue.

Tukachambua pamoja. Halafu mama akanigusa goti.

"Ukirudi ukamwona," akasema, "mwambie sijakasirika."