Harufu ya Nyumba ya Mwanangu

Nilitunza stoo ya chakula ya shule ya bweni huko Kilolo, Iringa, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi ile haikunifundisha kumwamini mtu. Gunia la maharage nililijua kwa pua kabla halijafunguliwa. Dereva akileta unga uliopata unyevu, nilimwambia aurudishe hata kabla hajazima gari. Wapishi walikuwa wananisengenya, na nilijua, kwa sababu nilikuwa nasimama dirishani kuwasikiliza.

Kwa hiyo mwanangu aliponiomba nikakae Mbeya na mkewe aliyekuwa amejifungua, nilikwenda na macho yangu na pua yangu. Mwanangu anafanya kazi kiwandani Mgololo, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Nyumba yao iko Uyole, na ndani yake tulikuwa watatu: mimi, mkwe wangu, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, na mjukuu wangu wa kwanza, wa miezi minne. Mtoto yule nilimpenda mno. Nikiwa nafua nje, naacha nguo kwenye beseni, nakwenda kuangalia kama anapumua.

Ilikuwa Julai, na mafua yalinikamata wiki ile ile niliyofika. Kamasi za maji, chafya, koo linawasha. Sikubabaika. Nilijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi, nikanywa tangawizi na limau, na siku ya saba nikajiona mzima, nikafagia uwanja wote. Siku mbili baadaye yakarudi. Safari hii yalikaa upande mmoja: kamasi nzito, shavu la kulia zito, na meno ya juu yanauma kila nikiinama kuchambua mchele. Nikasema ni upepo wa Uyole tu, hauna adabu.

Harufu ikaanza siku hizo hizo. Mara ya kwanza niliisikia kwenye maziwa. Kitu kilichooza, kama viazi vilivyosahauliwa chini ya gunia. Kesho yake ikawa kwenye ndizi na maharage, keshokutwa kwenye shuka. Mkwe wangu akitoka kwenda dukani, mimi napekua kabati, nanusa sufuria moja moja, nainua godoro. Sikupata kitu, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Mtu anayeficha vizuri ni mtu aliyezoea kuficha.

Nikaanza kumchunguza mwenyewe. Sahani ananipa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, heshima tele, halafu anakwenda kula mlangoni. Nikizungumza naye anageuza uso, anajifanya kutafuta kitu. Nikimbusu mtoto, anakuja kumchukua: "Mama, ngoja nimnyonyeshe," na mtoto amenyonya sasa hivi. Siku moja akaniletea mswaki mpya ambao sikumwagiza. Na kila baada ya siku mbili wimbo ni ule ule: "Mama, twende hospitali wakuangalie hayo mafua."

Nani anapelekwa hospitali kwa mafua? Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Anataka nionekane mgonjwa ili mumewe anirudishe Iringa, abaki na uchafu wake bila shahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na jicho langu halikumtoka tena.

Basi asubuhi moja alinimiminia maziwa uani, jirani yetu akiwa pale pale, amekuja kutuletea viazi. Nikainua kikombe. Harufu ikanipanda mpaka machoni.

"Haya maziwa yameoza."

Akachukua kikombe, akaonja. "Mazima, mama."

"Unanibishia?" Nikayamwaga yote chini, ya kikombe na ya sufuria. "Mwanangu ameoa uchafu. Mjukuu wangu ataugua kwa mikono yako."

Jirani akatazama viazi vyake. Siku ya pili mkwe wangu alipiga magoti mbele yangu, akasema, "Mama, naenda nyumbani kidogo," akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Alisema kidogo, lakini begi alilobeba lilikuwa kubwa.

Nilimpigia mwanangu simu kabla mkewe hajampigia. Nilimweleza yote.

"Mama," akasema, "asiporudi, mimi nitafanyaje?"

Swali lile lilinichoma, ila sikukubali. Nilitaka kwanza nimwonyeshe uozo. Nikatoa vyombo vyote nje, nikavisugua kwa jivu na sabuni, nikadeki, nikaanika magodoro. Harufu haikutoka. Nilikwenda nayo sokoni. Jumapili niliisikia kanisani katikati ya wimbo, nikamtazama vibaya mama wa watu aliyekaa pembeni yangu. Yeye akasogea.

Jino lilipozidi kuuma nilikwenda zahanati, nikitaka ling'olewe. Daktari alikuwa kijana, na mimi daktari kijana simwamini. Akagonga jino, akatikisa kichwa. Akabonyeza shavu, nikaruka. Akaniuliza mafua yalianza lini na yalikwendaje.

"Mama, mafua ya kawaida yanapanda siku chache, halafu yanashuka mpaka yaishe," akasema. "Yako yalishuka, yakapanda tena. Shavu zito, meno ya juu, upande mmoja. Haya siyo mafua tena. Umepata maambukizi kwenye sainasi, zile nafasi zilizomo ndani ya mifupa ya uso." Kisha akauliza, "Kuna harufu mbaya unaisikia?"

Nikamtazama vizuri. Nilijua mkwe wangu amempigia simu.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna, mama. Inatoka humo humo puani. Unatembea nayo. Na anayekaa karibu na wewe anaipata."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilipokea dawa bila hata kuuliza ni za nini.

Nikapiga simu Tukuyu. Alipokea upesi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile harufu. Ulikuwa unaisikia?"

Mtoto alikuwa akilia huko nyuma. "Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mama mkwe unamwambiaje kitu kama hicho? Ndiyo maana nilikuwa nasema twende hospitali."

Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Alivuta pumzi.

"Mimi nimekusamehe, mama. Lakini yale maneno hukuniambia peke yangu. Pale mtaani wanajua mimi ni mchafu."

Nilielewa anachotaka, na sikukipenda. Nilivaa kitenge, nikavuka njia. Jirani alikuwa anachagua viazi vya mbegu. Nikamwambia nikiwa nimesimama, nisije nikaghairi: maziwa yalikuwa mazima, pua yangu ndiyo iliyooza, mkwe wangu nimemsingizia.

Jirani hakushangaa. Aliweka kiazi chini polepole.

"Mama, samahani sana. Hata mie siku ile niliisikia. Ilikuwa inatoka kwako."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Sasa mtu mzima kama wewe, ningekuambiaje? Ile maziwa haikuwa na shida kabisa. Mtaa mzima tunajua."

Nikakaa juu ya gunia lake. Nikampigia mkwe wangu simu, nikampa jirani aongee. Walisalimiana Kinyakyusa, kisha nikamsikia binti akiuliza kwa Kiswahili, labda makusudi, ili na mimi nisikie:

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema," jirani akajibu. "Yupo hapa kwangu, analia."