Mikono Miwili ya Kushushia Boti

Hakuna la kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne kule Kaagya, nikaanza kuchomelea mageti kwa mashine ya kukodi, na leo karakana yangu hapa Bukoba ina mashine tatu. Chuma nakijua kuliko wenye vyeti. Kwa hiyo mwenye meli ndogo ya mizigo, iendayo visiwa vya Muleba, aliponiomba nimtengenezee ile mikono miwili ya chuma inayosimama ubavuni kushusha na kupandisha boti ya kuokolea watu, sikuuliza mtu. Nilitazama picha kwenye simu, nikakata bomba, nikakunja, nikachomelea. Siku nane tu.

Kupima, nilipima kwa akili za kwetu. Uzito wa mkungu wa ndizi naujua kwa kuunyanyua. Nikahesabu mikungu mitatu ni mtu mmoja, nikapanga kumi na minane kwenye boti, tukaishusha na kuipandisha mara tatu. Chuma hakikulia.

Mdogo wangu, baharia wa meli hiyo hiyo, hakuridhika, akaanza kwa neno letu la heshima.

“Waitu kaka, ndizi zinalala. Watu hawalali. Tupande sisi turukeruke, tukiwa bado hapa kwenye kina kifupi.”

“Ulisomea wapi wewe?”

“Sikusoma. Ila kamba nitaishika mimi.”

Nikamwambia kama anaogopa, migomba ya baba bado inahitaji wa kuipalilia. Wenzake wakacheka. Akaenda kukunja kamba.

Wiki ya pili, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi wa Muleba, walishusha boti na watu sita ndani. Mmoja akainuka kudaka kofia yake, wengine wakamwegemea. Mkono wa chuma wa nyuma ukang'oka shinani. Wote sita waliopolewa, wamelowa tu. Kamba iliondoka na vidole vinne vya mkono wa kulia wa mdogo wangu.

Alipotoka hospitali nilimfuata nyumbani. Mkewe akaleta kahawa ya kutafuna. Nikachukua punje, nikampa mume wake kwa mkono wangu, kama tunavyopatana kwetu. Akanionyesha bandeji.

“Kwa kushoto sipokei, kaka. Ni matusi.”

Nimerudi mara mbili. Jibu ni hilo hilo.

Mikono mipya ya meli niliitengeneza bure, nikapanda botini mwenyewe, nikaruka mpaka magoti yakauma. Hospitali, dawa, na chuma cha mara ya pili, vyote nimelipa mimi: shilingi milioni mbili, laki sita na elfu arobaini na tano.