Meno ya Simba wa Mgeni

Kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi kwenye karakana moja ya Chanika, tunakoandaa ngozi na mafuvu ya wanyama wa wageni wanaolipia kuwinda. Ngozi hutufikia zimekaushwa kwa chumvi, ngumu kama mbao. Simba hai sikuwahi kumwona. Mwaka jana mchunaji ngozi wa kambi moja ya uwindaji ya kusini aliugua, bosi akaniambia, "Mama Rehema, nenda wewe. Mgeni ameshalipia simba." Nikafunga visu vyangu kwenye khanga.

Alfajiri nilipanda basi Mbagala, saa nne nikashuka Kibiti. Selemani, msoma nyayo wa kambi, alinipokea na gari. Ng'ambo ya Rufiji alizima injini ghafla. Tembo walikuwa wanavuka barabara, wakubwa kama nyumba, na sikusikia hata kishindo. Nilijikuta nanong'ona Bismillahi.

Walipopita, nilimuuliza Selemani kama haoni uchungu mtu kulipia kuua.

"Uchungu upo," alisema. "Lakini fedha ya uwindaji ndiyo iliyojenga zahanati yetu. Wageni wasipokuja, watakuja wachoma mkaa walimalize pori. Ila kwa sheria simba apigwe mzee tu, wa miaka sita kwenda juu. Ukimuua dume kijana, dume jingine litakuja kuua watoto wake wote."

Asubuhi ya kwanza kambini nilikuwa nanawa uso simba aliponguruma. Maji yalitikisika kwenye beseni. Nilisimama pale, mikono inatiririka maji, sikutaka anyamaze.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, tulisikia risasi. Nilipofika simba alikuwa amelala kwenye nyasi kando ya korongo. Niliweka kiganja ubavuni mwake, kikapata joto. Ngozi zote nilizozishika maishani hazikuwahi kuwa na joto. Wayo wake ulikuwa mpana kuliko uso wangu. Kisu nilikisahau.

Kisha nikamfungua mdomo. Meno ya simba mzee huwa ya njano, yamelika. Haya yalikuwa meupe, makali.

Kiongozi wa uwindaji, aliyemchagulia mgeni simba huyo, aliniona nikiyatazama. "Mama, wewe chuna tu," alisema kwa sauti ya chini.

Mgeni, mzee mmoja mpole, aliuliza kitu. Neema, askari wa wanyamapori, akanitafsiria: "Anauliza, simba wake ni mzee?"

Nilifikiria kibarua changu. Nikasema, "Hapana. Ni kijana. Hata miaka mitano hajafika."

Mgeni alivua kofia akakaa chini karibu na simba. Akazungumza taratibu, na Neema akasema, "Anasema aliambiwa ni mzee, akaamini kwa sababu alitaka kuamini."

Neema aliandika taarifa, ngozi na fuvu vikachukuliwa na serikali, kiongozi akasimamishwa kazi. Nilimchuna hata hivyo, polepole kuliko nilivyowahi kuchuna mnyama yeyote.

Njiani kurudi, kwenye daraja la Rufiji, Selemani alipunguza mwendo. "Watoto wa yule simba wako watatu," alisema. "Nimeona nyayo zao."

Bosi hakunifukuza, ila kambi ile haituletei kazi tena, na wenzangu wawili wako nyumbani bila kazi. Sijaweza kusema uwindaji huu ukomeshwe. Wanaotibiwa kwenye zahanati ile nao wana lao la kusema. Nimejifunza tu kwamba kilichokuja mikononi mwangu miaka yote kiliwahi kuwa na joto. Siku hizi fuvu likiletwa, kabla ya kulichemsha natazama meno. Likiwa la mzee, nashusha pumzi.